Sebule ya Rue Ballu: Nadia Boulanger na wanafunzi wasiofanana

Mwanzoni mwa "Liberian Girl", kabla Michael Jackson hajaanza kuimba, kuna sauti ya mwanamke inayonong'ona: nakupenda pia, nakutaka pia, mpenzi we. Binti anayeimbiwa ni wa Liberia, ambako Kiswahili hakinunui hata ndizi sokoni, lakini tuliokua na kaseti ile hatukulalamika. Tulirudisha nyuma tukasikiliza tena. Sauti ni ya Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Aliyesimamia utayarishaji wa albamu ile, akijua kila ala ikae wapi na inyamaze lini, ni Quincy Jones.

Albamu ilitoka mwaka 1987. Miaka thelathini kabla yake, huyohuyo Quincy Jones alikuwa Paris, tayari mwanamuziki wa jazi mwenye jina, akisahihishiwa mazoezi na mama wa umri wa miaka sabini hivi, nywele kazifunga kisogoni, miwani puani, nguo za rangi ya kiza. Mama huyo ni Nadia Boulanger. Katika sebule yake hiyohiyo ya mtaa wa Rue Ballu, miaka mitatu nyuma, alikuwa amepita Astor Piazzolla, mpiga tango wa Argentina. Miaka ya ishirini alipita Aaron Copland, ambaye Wamarekani wanamhesabu kuwa ndiye aliyeupa muziki wao wa okestra lafudhi ya kwao. Mwaka 1964 akabisha hodi Philip Glass, yule ambaye vipande vyake vifupi hurudiwarudiwa huku vikibadilika kidogo kidogo, mpaka msikilizaji anapoteza hesabu ya muda.

Sikiliza hao wanne jioni moja kisha useme kama unaweza kudhani walikuwa na mwalimu mmoja. Mimi nisingeweza. Na hapo ndipo penye fumbo, kwa sababu Boulanger hakuwa mwalimu wa kuwaachia watu wafanye wapendavyo. Alikuwa mkali, alikuwa na imani zake thabiti juu ya muziki mzuri na mbaya, na aliwapa karibu wote mazoezi yaleyale. Ungetarajia watoke kama matofali ya tanuri moja. Tena hakuacha kitabu cha mbinu zake, kwa hiyo tunachojua juu ya darasa lake kinatokana zaidi na waliokaa mbele yake.

Ili kulielewa darasa, lazima kwanza tumwelewe mtu mwenyewe, maana kabla ya kuwa mwalimu wa watunzi alikuwa mtunzi.

Nyumba ya wanamuziki

Alizaliwa Paris tarehe 16 Septemba 1887, siku ambayo baba yake alikuwa anatimiza miaka 72. Hilo si kosa la uchapaji. Ernest Boulanger alikuwa mtunzi wa opera nyepesi na mwalimu wa uimbaji katika Conservatoire, chuo cha muziki cha taifa, na mkewe Raïssa, Mrusi, aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Alimzidi mkewe kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mtoto wa nyumba kama hiyo ungemtarajia alale kwenye piano. Lakini Nadia, kwa maelezo yake mwenyewe ukubwani, alikuwa hauvumilii muziki kabisa. Ukipigwa, analia au anajificha. Halafu siku moja gari la zimamoto likapita barabarani likipiga kengele, na yule mtoto, badala ya kulia, akaenda kwenye piano kuzitafuta zile nota za kengele. Tangu siku hiyo hakuondoka tena. Visa vya utotoni vya watu maarufu huwa vinang'arishwa kadiri vinavyosimuliwa, lakini hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha sikio lake lilivyokuwa: kelele za mtaani kwake zilikuwa na majina.

Mwaka 1893 akazaliwa mdogo wake, Lili. Baba, aliyejua hesabu ya umri wake, alimfanya Nadia wa miaka mitano aahidi kumtunza mtoto huyo. Lili aliugua nimonia akiwa bado mdogo sana, na afya yake haikurudi sawa maisha yake yote. Ernest akafariki mwaka 1900. Nadia alikuwa na miaka 12, ameshaingia Conservatoire, na ilikuwa wazi kwamba nyumba ile itamtegemea yeye. Mwaka 1904, akiwa na miaka 16, alimaliza na zawadi za kwanza katika kinanda cha mabomba, katika usindikizaji wa piano na katika fuga. Mwaka huohuo familia ilihamia nambari 36 ya Rue Ballu, naye akaanza kufundisha humo ndani. Alikuja kufundisha katika nyumba ile kwa miaka 75, ukiondoa miaka ya vita alipokuwa Marekani.

Fuga iliyozua kelele

Tuzo ya Roma ilikuwa mlango mkuu wa mtunzi kijana wa Kifaransa. Serikali iliitoa kwa mashindano ya kila mwaka, na mshindi alikwenda kuishi Villa Medici mjini Roma kwa gharama za umma ili atunge bila kuhangaikia kodi ya nyumba. Ernest aliishinda mwaka 1835. Wanawake waliruhusiwa kushindana kuanzia mwaka 1903 tu, kwa hiyo binti yake alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujaribu.

Duru ya kwanza ilitaka kwaya fupi na fuga. Fuga ni utunzi unaoanza na kiitikio kifupi kinachoimbwa na sauti moja peke yake. Sauti ya pili inakipokea huku ya kwanza ikiendelea na jambo lingine, kisha ya tatu, kisha ya nne, na zote lazima zikae pamoja bila kugombana. Watahini huleta kiitikio, mshindani hujenga nyumba juu yake. Waliopita hufungiwa kwa wiki kadhaa kutunga kantata, yaani kazi ndefu ya waimbaji na okestra.

Mwaka 1908 watahini walitaka fuga ya sauti nne za kuimba. Boulanger alikitazama kiitikio walichompa akaona kinafaa zaidi ala kuliko koo za watu, akaandika fuga ya kundi la nyuzi: violini mbili, viola na cello. Ni kama malenga aliyepewa kichwa cha shairi na kuambiwa aandike tarbia, naye akaleta utenzi kwa sababu aliona maneno yale yanataka mwendo huo. Utenzi wenyewe ni mzuri, lakini je, umejibu swali? Camille Saint-Saëns, mtunzi mkongwe aliyekuwa kwenye jopo, alisema hapana, na akalisema kwa hasira. Magazeti yakalidaka jambo. Waziri mhusika akaingilia kati, ikaamuliwa fuga ihukumiwe kwa ubora wake wa muziki tu. Akapita. Mwishoni akapewa zawadi ya pili kuu kwa kantata yake *La Sirène*.

Wengi husimulia kisa hiki kama mwanamke dhidi ya wazee, na ukweli huo umo. Lakini mimi naona jambo la pili lenye uzito zaidi kwa habari yetu. Binti wa miaka ishirini, akijua fika kanuni inasema nini, aliamua kwamba kiitikio chenyewe ndicho kinachosema kinataka kupelekwa wapi. Iweke akilini hiyo, kwa sababu mtu huyohuyo baadaye aliwafanya watu waandike mazoezi kwa kufuata kanuni mpaka vidole viume.

Mwaka 1909 alijaribu tena akatoka mikono mitupu. Mwaka 1913 akajaribu Lili, miaka 19, mgonjwa, na kantata yake *Faust et Hélène* ikamfanya mwanamke wa kwanza kupata zawadi ya kwanza ya Tuzo ya Roma kwa utunzi.

Kwa nini aliacha kutunga

Jibu linalozunguka ni fupi na linagusa moyo: Lili alifariki tarehe 15 Machi 1918, akiwa na miaka 24, na dada yake kwa huzuni akaweka kalamu chini. Tarehe zinakataa. Nadia aliendelea kuandika nyimbo mpaka mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Kilichotokea kilikuwa polepole zaidi na kina nyuzi kadhaa.

Uzi wa kwanza ni Raoul Pugno. Huyu alikuwa mpiga piano mashuhuri, aliyemzidi Nadia kwa miaka 35, na wakawa wanatunga pamoja, mezani moja. Walitoa nyimbo za *Les heures claires*, kisha wakaingia kwenye opera kubwa, *La ville morte*, kwa maneno ya Mwitaliano Gabriele D'Annunzio. Januari 1914, wakiwa ziarani Urusi, Pugno aliugua akafia Moscow. Opera ilikuwa inaandaliwa kuonyeshwa Paris. Agosti vita vikaanza, na pazia halikufunguliwa.

Uzi wa pili ni Lili, lakini kwa namna isiyo ya machozi tu. Nadia aliamini kwa dhati kwamba mdogo wake ndiye aliyekuwa na kipaji cha kweli. Baada ya kifo alizipiga kazi za Lili, akaziongoza na kuzisukuma mbele ya watu kwa miaka sitini, na kila Machi alisomesha misa ya kumkumbuka. Ukiwa na kipimo hicho nyumbani, chako chote kinaonekana chepesi. Gabriel Fauré, aliyekuwa mwalimu wake, alimwambia kwamba pengine alikosea kuacha. Jibu lake, alivyolisimulia mwenyewe, lilikuwa kwamba kama kuna jambo moja ana hakika nalo, ni kwamba alikuwa akiandika muziki usio na faida. Neno alilochagua ndilo linaloumiza. Hakusema muziki wake ni mbaya.

Uzi wa tatu ni wa kawaida kabisa, na wasimulizi huupitia haraka: fedha. Alikuwa na mama wa kulisha. Masomo ya nyumbani yalilipa, opera isiyoonyeshwa hailipi.

Nikipima nyuzi zote tatu, naona aliacha kama watu wengi wanavyoacha mambo. Haikuwa siku moja ya uamuzi. Ilikuwa msimu baada ya msimu, kila mara kukiwa na mwanafunzi mlangoni.

Darasani

Mwaka 1921 shule ya majira ya joto kwa ajili ya Wamarekani ilifunguliwa katika kasri la Fontainebleau, kusini mwa Paris. Copland, miaka 20, kutoka Brooklyn, alikuwa amejiandikisha mapema kuliko wengine. Hakuwa na nia ya kusoma kwa mwanamke. Mwenzake akamvuta aende asikilize darasa la hamonia, ufundi wa kupanga sauti zinazolia pamoja, akamkuta Boulanger anachambua kipande cha opera ya Mussorgsky, *Boris Godunov*, kwa moto ambao Copland hakuwahi kuuona kwa mtu anayezungumzia mpangilio wa sauti. Alisita bado, kwa sababu hakuwahi kusikia mtunzi yeyote wa maana aliyefundishwa na mwanamke. Kisha akakaa kwake miaka mitatu.

Boulanger alifundisha nini hasa? Tuanze na kitu ambacho mwanakwaya yeyote wa kwetu atakielewa. Wengi waliokulia kwenye kwaya za makanisa wamejifunza nota za solfa, zilizoletwa na wamisionari wa Kiingereza, na katika solfa hizo do inahama. Mwalimu akipandisha wimbo, do inapanda nao, na unachojifunza ni uhusiano wa nota ndani ya wimbo. Ufaransa do haihami. Ni nota moja ileile siku zote, ile inayoitwa C kwa wanaosoma kwa herufi, na la ni A hata dunia ipinduke. Mtoto wa Kifaransa anakua akijifunza jina la kila sauti pale ilipo, na anazisoma nota kwa funguo saba tofauti, alama za mwanzo wa mstari zinazoamua nota ziitweje, hivi kwamba alama ileile juu ya mstari uleule inaitwa do hapa, mi pale, la kwingine. Ni mateso. Lakini mtu aliyeyapitia anaweza kuufungua ukurasa wa okestra wenye mistari ishirini na kuupiga kwenye piano hapohapo, kwa sababu klarineti na honi huandikwa mahali pamoja zikasikika pengine, na ule ufundi wa funguo ndio unaozirudisha kwao. Boulanger aliwarudisha Wamarekani wenye shahada zao kwenye mateso hayo kama watoto wa darasa la kwanza.

Halafu kauntapointi, ufundi wa kuzifanya sauti kadhaa ziende pamoja huku kila moja ikiwa wimbo unaojitegemea. Mwanafunzi anapewa wimbo wa msingi wa nota kumi hivi, ndefu, zenye urefu sawa. Kwanza anaongeza sauti ya pili, nota moja kwa nota moja. Akiweza, nota mbili kwa moja, kisha nne, kisha nota zinazochelewa na kufungana, kisha mchanganyiko. Akimaliza na sauti mbili, anaanza tena na tatu, halafu nne. Kanuni zinambana kila upande. Moja inayojulikana sana: sauti mbili zisitembee sambamba zikiwa na umbali wa nota nane, wala wa tano. Siyo kwamba inasikika vibaya. Ni kwamba sikio linaacha kusikia watu wawili, linasikia mmoja aliyenenepa, na kazi yote ya kuwa na sauti nyingi imepotea.

Na Bach, yule mtunzi Mjerumani wa karne ya kumi na nane, kila mahali Bach. Ile mikusanyo miwili yenye preludi (vipande vya kufungulia) na fuga 48, alitaka ijulikane kwa kichwa na vidole. Alitaka mwanafunzi apige sauti tatu kwa mikono huku akiimba ya nne, kisha abadilishe, aimbe nyingine. Jaribu hata na wimbo wa kanisani unaoujua vizuri: piga soprano, alto na besi, uimbe teno. Kufikia mstari wa pili utakuwa umeshaanza kuimba soprano bila kujijua. Jumatano alasiri wanafunzi walikusanyika sebuleni, penye piano kubwa mbili na kinanda cha mabomba ukutani, wakaimba kantata za Bach kwa kuzisoma papo kwa papo. Baadaye chai.

Sasa turudi kwenye fumbo. Kati ya vyote nilivyotaja, hakuna kinachomwambia mtu atunge muziki wa namna gani. Ni vina na mizani. Mwalimu wa ushairi anaweza kukufundisha mshororo wa mizani kumi na sita unavyokatwa katikati, anaweza kukupigia mstari mwekundu pale kina kilipolegea, na baada ya yote hayo hajakwambia uandike juu ya mapenzi, siasa au bei ya unga. Shaaban Robert na malenga wa harusini wanatumia kipimo kimoja.

Philip Glass ndiye aliyelieleza hili vizuri kuliko wote. Alipofika Paris alikuwa na miaka 27 na shahada kutoka Juilliard, chuo cha muziki cha New York, naye Boulanger akamrudisha kwenye kauntapointi, zoezi la kwanza. Amesimulia siku aliyoleta zoezi la hamonia lisilovunja kanuni hata moja. Boulanger akalikataa. Glass akajitetea, akaonyesha kila nota imekaa kihalali. Mwalimu akamfungulia Mozart na kumwonyesha alivyolimaliza jambo lilelile kwa njia nyingine. Glass akatoka na funzo ambalo halikuandikwa ubaoni: ukishazimiliki njia zote zinazoruhusiwa, ile unayoichagua kila mara ndiyo mtindo wako. Asiye na njia zaidi ya moja hana mtindo, ana mazoea tu.

Piazzolla na tango lililofichwa

Piazzolla alifika mwaka 1954 kwa ufadhili wa serikali ya Ufaransa, miaka 33, na furushi la simfoni na sonata. Kuhusu tango hakusema kitu. Alikuwa akipiga bandoneoni, ala ya kukunja na kukunjua kama akodiani, kwenye klabu za usiku za Buenos Aires, na aliona aibu: mtunzi wa simfoni hatoki kwenye danguro na sakafu ya dansi. Boulanger alizisoma kurasa zake akamwambia zimeandikwa vizuri. Hapa pana Stravinsky, akasema, hapa Bartók, hapa Ravel, lakini Piazzolla simwoni. Akaanza kumhoji unaishi vipi, unapiga nini, unapigia wapi. Mwishoni Piazzolla akakiri. Boulanger akamtaka apige tango lake moja kwenye piano. Piazzolla akapiga *Triunfal*, na kabla hajafika mbali mwalimu akamshika mikono, akamwambia huyu ndiye Piazzolla, usimwache kamwe.

Kisa hiki husimuliwa kama muujiza wa dakika moja. Kinachoachwa ni kwamba baada ya hapo Boulanger hakumfundisha tango hata nota moja, na wala hakuwa na uwezo huo. Alimrudisha kwenye kauntapointi ya sauti nne, na Piazzolla mwenyewe alisema hiyo ndiyo ilikuwa shule yake kubwa. Aliporudi Buenos Aires akaanza kuandika tango ambamo violini, piano, gitaa na bandoneoni zinafukuzana kwa fuga halisi, kiitikio kikipokelewa sauti kwa sauti. Wazee wa tango walimtukana. Dunia yote sasa inamjua kwa hilo.

Quincy Jones naye alipenda kurudia alichoambiwa: kuna nota kumi na mbili tu, na mpaka Mungu atakapotuletea ya kumi na tatu, nataka ujue kila mtu alizifanyia nini hizo kumi na mbili. Na la pili, gumu zaidi, kwamba muziki wako hautakuwa zaidi wala pungufu ya utu wako.

Kuna aliyekataliwa. Mwaka 1928 George Gershwin, tajiri tayari na maarufu, aliomba kusoma kwake, akiwa na barua ya Maurice Ravel. Boulanger akamwambia hana cha kumpa. Ukilitazama kwa hesabu ya vina na mizani, jibu hilo halina dharau. Kazi yake ilichukua miaka. Kumtoa mtu anayeimba vizuri hivyo katikati ya wimbo, umwambie arudi kwenye zoezi la nota moja kwa nota moja, ni hatari ambayo hakutaka kuibeba.

Yeye mwenyewe alitoka sebuleni mara kwa mara. Januari 1925 alipiga kinanda cha mabomba New York katika simfoni ambayo Copland alimwandikia, na kiongozi wa okestra, Walter Damrosch, aliwageukia wasikilizaji akasema kijana anayeandika hivi akiwa na miaka 23, baada ya miaka mitano atakuwa tayari kuua mtu. Mwaka 1938 alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza okestra ya Boston. Waandishi walipomuuliza anajisikiaje kuwa mwanamke mbele ya okestra, alijibu kwamba amekuwa mwanamke kwa zaidi kidogo ya miaka hamsini na mshangao wa mwanzo umeshamtoka.

Nisije nikamchora malaika. Aliwalea wenye vipaji na angeweza kuwavunja waliojikongoja. Wanafunzi wa kike waliotaja ndoa walijua wanaingia maji ya kina, maana kwake ndoa na kazi hii havikai nyumba moja. Muziki wa Schoenberg na wafuasi wake, uliozipa nota zote kumi na mbili haki sawa, haukumwingia, na Stravinsky, aliyempenda kuliko watunzi wote walio hai, alipouelekea uzeeni, lilimuuma. Aliyewaachia wengine njia zote alikuwa na njia ambazo hakutaka kupita, na hilo halinishangazi.

Macho yalimfifia miaka ya mwisho. Akaendelea kufundisha kwa sikio na kumbukumbu, katika nyumba ileile, ambayo kona yake ya mtaa ilikuwa imeshapewa jina jipya: Place Lili-Boulanger. Alifariki tarehe 22 Oktoba 1979, miaka 92, akazikwa makaburi ya Montmartre pamoja na mdogo wake.

Ule muziki usio na faida umeanza kutoka makabatini. *La ville morte*, ambayo yeye na Pugno hawakuwahi kuiona jukwaani, ilionyeshwa mwaka 2024 mjini Athens, kisha New York, ikiwa imepangwa upya kwa kundi dogo la wapiga ala. Na vile vipande vyake vitatu vya cello na piano, vya wakati vita vinaanza, sasa vinapigwa kwenye kumbi nyingi. Cha tatu ndicho kigumu, kinaenda mbio. Vyote vitatu kwa pamoja havifiki dakika kumi.